Siku Mkia Alipotangulia

Kaka yangu alikimbia na kundi la mtaa wetu miaka mingi bila kumpita mtu hata mmoja, na hakuwa goigoi. Nalisema hili mapema kwa sababu baada ya yale yaliyotokea watu walianza kumzungumzia kama mzee fulani aliyejikokota nyuma kwa huruma ya wenzake. Kaka angeweza kuwaacha wote, mwenyekiti akiwa wa kwanza kuachwa, akafika nyumbani, akaoga na kunywa chai kabla hawajaonekana kwenye kona. Aliamua mwenyewe kukaa nyuma. Kundi likampa jina la Mkia, naye akalipokea, mpaka wateja wetu nao wakawa wanamwita hivyo dukani: "Mkia, suruali yangu iko tayari?"

Duka letu ni la kufua na kupiga pasi. Mimi nafua, yeye anapiga pasi. Chumba cha mbele kina meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na juu yake shuka nyeupe yenye alama mbili za kuungua. Zote mbili ni zangu, za siku alizokuwa mgonjwa nami nikajifanya naijua kazi. Uani kuna mabeseni, pipa la maji na kamba za kuanikia. Kaka huanza na kola, kisha mabega, kisha mikono, na kifua huwa cha mwisho, kwa sababu ndicho watu wanachokitazama na hataki kikunjike tena. Nguo nyeusi huzigeuza ndani nje zisije zikang'aa. Ukimwambia aharakishe, hunyunyiza maji polepole zaidi.

Mbio zilianzia kwenye miguu iliyovimba. Kusimama kutwa nzima kulifanya vifundo vya miguu vimvimbe hadi jioni soksi zinamwachia mfereji. Muuguzi mmoja, mteja wetu, akamwambia awe anatembea asubuhi. Akatembea. Baadaye akaona kutembea kunamchelewesha kazini, akakimbia. Mimi sikushangaa. Alipokuwa shuleni hakukuwa na mtoto wa kumshika, na mwalimu wa michezo alikuja nyumbani kwetu kumwombea ruhusa aende mashindano. Baba alikuwa amekufa wiki ile. Kaka ndiye aliyekuwa mkubwa, mimi nilikuwa bado nakojoa kitandani, na pasi ya baba ilikuwa pale mezani inangoja mtu wa kuishika. Mwalimu akanywa chai akaenda zake.

Sasa kundi. Walikuwa wanakutana alfajiri kwenye uwanja wa shule, watu wa kila aina: fundi umeme, walimu wawili, mama wa saluni, kijana wa benki aliyenunua raba za gharama kuliko zote na kukimbia kidogo kuliko wote. Mwenyekiti alikuwa muuza bima, mtu mwenye meno mazuri na maneno mazuri zaidi. Mimi sikimbii. Mungu hakuniumba kwa ajili ya kuhema bila sababu. Siku za mashindano nilikuwa nakwenda kuwalindia mabegi na kuwapokea na taulo.

Kisha akaja Mama Taipu. Alikuwa amestaafu kazi ya kupiga chapa ofisini, mwanamke mfupi, mnene wa kiasi, mwenye mdomo usiojua likizo. Siku yake ya kwanza kundi lilimwacha nyuma. Hakuna aliyekusudia, kila mmoja alikuwa anaitazama saa yake ya mkononi. Aliporudi uwanjani alikuta geti limefungwa, begi lake liko ndani na watu wameshatawanyika. Alikaa chini pale ukutani akamngoja mlinzi wa zamu nyingine. Kesho yake alirudi akawaambia wote, "Nilikuwa sijui kwamba hapa mnafanya mazoezi ya kukimbia watu." Wakacheka. Kaka hakucheka. Alirudi dukani siku hiyo akaniambia, "Tumemfungia mtu mzima nje, kwa sababu ya dakika mbili tatu."

Tangu siku hiyo akawa anakimbia wa mwisho. Asiyeweza, kaka alikuwa naye. Aliyesimama kufunga kamba ya kiatu, kaka alisimama. Kila baada ya kona aligeuka kutazama kama kuna aliyebaki. Na kundi likazoea. Ikawa ndiyo sheria yao, wakaisema kama methali: Mkia akifika, wote wamefika. Hakuna aliyehesabu watu tena. Wakimwona kaka anaingia uwanjani, mwenyekiti anapiga makofi, maji yanagawiwa, begi linafungwa, watu wanaondoka. Ilikuwa sheria nzuri. Na mimi niliiona nzuri, nisijifanye mwerevu leo.

Wa mwisho, mara nyingi, alikuwa Mama Taipu. Kwa hiyo hao wawili wakawa marafiki, maana ukikaa na mtu nyuma ya wenzenu asubuhi baada ya asubuhi, lazima mtaongea. Au tuseme yeye aliongea. "Mdogo wangu," alikuwa akimwambia, "mimi nina mdomo wa kilomita arobaini na miguu ya kilomita mbili." Alimsimulia mabosi wake wote, mmoja mmoja, yupi alikuwa hajui kuandika barua, yupi alikuwa analala mezani. Kaka alikuwa akija kunisimulia huku anapiga pasi, na akimwigiza sauti, mpaka mimi uani nashika mbavu. Kaka si mtu wa maneno. Lakini sauti ya Mama Taipu aliijua kama anavyojua kitambaa.

Mama Taipu alikuwa na presha. Tulilijua hilo kwa binti yake, mtoto wake wa pekee, anayeuza katika duka la dawa na kutuletea makoti yake meupe kila wiki. Binti hakutaka mama yake akimbie. Walikuwa wamegombana juu ya jambo hilo hadi likawa halitajwi nyumbani. Siku moja binti alimwambia, "Mama, asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mama yake akamuuliza, "Haya, na mkuu hapa ni nani?" Kila mtu mtaani aliicheka hadithi hiyo isipokuwa binti mwenyewe. Alikuwa anapima vidonge vya watu kutwa nzima, anajua presha inafanya nini. Alikuwa anaogopa, na mtu anayeogopa mara nyingi huonekana mkali.

Mwaka mmoja goti la kaka likaanza kulia. Namaanisha kulia kweli, ungelisikia akipanda ngazi. Daktari alilitazama kwenye picha akamwambia limekwisha, na kwamba akiendelea kukimbia atakuja kutembea kwa mkongojo. Mashindano makubwa ya mji yalikuwa yanakaribia, nusu marathoni, na kaka alikuwa ameshajiandikisha.

"Nitakimbia hii, kisha basi," aliniambia. Alikuwa anapiga pasi shati la shule, na hakuinua macho. "Lakini hii nataka iwe yangu."

"Yako vipi?"

"Nikimbie bila kugeuka nyuma. Mara moja tu, wewe mtoto. Nijue miguu yangu ilikuwa inaweza nini."

Mimi nina mvi, lakini kwake ni "wewe mtoto". Niliingia uani nikajifanya nina nguo za kusuuza, kwa sababu nilimkumbuka mwalimu yule wa michezo na kikombe chake cha chai. Kaka hakuwahi kuomba kitu. Alinilea, akanisomesha nilipokubali kusoma, akanipokea ndoa yangu ilipovunjika, na katika hayo yote sikuwahi kumsikia akisema neno "yangu".

Alikwenda kwenye kikao cha kundi akaomba ruhusa. Fikiria, mtu mzima anaomba ruhusa ya kukimbia! Walimpigia makofi. Mama Taipu ndiye aliyepiga ya nguvu kuliko wote. Kaka akauliza, "Na nyuma atakaa nani?" Mwenyekiti akatabasamu kwa meno yake yote. "Usijali, Mkia. Tutapanga."

Neno hilo, tutapanga, nalichukia hadi leo. Lina adabu na halina mwenyewe. Kila aliyekuwa kwenye kikao alilisikia, kila mmoja akaridhika kwamba kuna mwingine atakayepanga. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walikuwa wamemwona kaka akiubeba miaka yote bila kulalamika, wakadhani hauna uzito. Na mwenyekiti, ambaye kazi yake ni kuwauzia watu bima dhidi ya kila balaa, alikwenda nyumbani akalala.

Siku mbili kabla ya mbio, binti alikuja kuchukua makoti yake. Aliyatazama kwenye henga, akasifu kola, kisha akasema, "Mjomba, Jumapili nitakuja kumpokea mama pale mwisho."

Alikuwa anamwita kaka mjomba, kwa kuwa mama yake alimwita mdogo wangu. Na mimi, kwa hesabu hiyo hiyo, nilikuwa mama mdogo.

"Utakuja?" kaka akasema, na uso wake ukafunguka wote.

"Nimechoka kugombana naye. Nitamletea maji baridi na ndara, maana najua miguu itakuwa imemvimba. Lakini usimwambie. Nataka anione ghafla, nimwone atasema nini."

"Simwambii," kaka akasema. Nilikuwepo. Nilimsikia.

Jumapili kulikuwa na jua la mapema. Kundi letu lilitundika bango lao karibu na mstari wa kumalizia, kwenye uzio, na mimi nikakaa chini yake na mlima wa mabegi. Yaliyotokea barabarani sikuyaona. Kaka alinisimulia baadaye, siku ile ile, kwenye benchi la hospitali.

Alianza mbio pamoja na Mama Taipu. Hata siku aliyopewa ruhusa, miguu yake ilikataa kumwacha. Wakaenda pamoja, polepole, hadi meza ya pili ya maji. Hapo Mama Taipu akasimama, akashika kiuno, akamtazama. "Wewe bado uko hapa unafanya nini? Si ulipewa ruhusa?"

"Mkia wa leo simwoni, dada."

"Atakuwa nyuma huko. Si mwenyekiti alisema watapanga? Nenda, mdogo wangu. Na ukigeuka kunitazama, nitakasirika kweli."

Akamsukuma mgongoni kwa viganja viwili. Na nyuma yao kweli kulikuwa na watu, mamia ya watu wa makundi mengine, na fulana za rangi kama yetu hazikukosekana. Kaka akaamini. Akakimbia.

Mimi nilimwona akitokea. Nasema ukweli, sikumtambua mara moja. Nilikuwa nimezoea kumwona akija mwisho, kichwa kimegeukia bega. Huyu aliyekuja alikuwa na kifua mbele, macho mbele, anapita watu kushoto na kulia, na uso wake ulikuwa wa yule mvulana ambaye mwalimu alikuja kumwombea. Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika. Watu wachache tu wa kundi letu walikuwa wamefika kabla yake. Alivuka mstari akaenda kando, akajishika magoti akacheka peke yake, kisha misuli ya mguu ikambana akaanguka, na hata pale chini alikuwa bado anacheka. Watu wa huduma ya kwanza wakampeleka kwenye hema lao kumkanda. Ile ndiyo furaha yake yote, wala haikufika saa nzima.

Wengine wakawa wanaingia mmoja mmoja. Fundi umeme, walimu, mama wa saluni, hata kijana wa benki. Na kila aliyeingia aliuliza, "Mkia je?" akajibiwa, "Ameshafika zamani, yuko kwenye hema!" Ungeona jinsi mabega yao yalivyolegea. Mkia ameshafika. Wakavua viatu, wakagawana maji, wakaanza kukusanya vitu. Mwenyekiti akaanza kulifungua bango kwenye uzio. Hakuna aliyekuwa mbaya. Akili zao zilifanya kile zilichofundishwa kufanya kila asubuhi kwa miaka.

Ndipo binti akaja, amevaa vizuri, chupa ya maji mkono mmoja, ndara mkono mwingine.

"Mama yuko wapi?"

"Yupo hapa hapa," mwenyekiti akamjibu. "Mkia ameshafika, kwa hiyo wote wameshafika. Mtazame kule kwenye maji."

Akaenda kwenye maji. Akaenda kwenye vyoo, akaita mlango kwa mlango. Akaenda kwenye jukwaa la muziki. Akarudi, akaambiwa labda wamepishana. Kaka naye alikuwa ametoka kwenye hema akichechemea, watu wamemzunguka wanampongeza, wamembeba mabegani. Mwenyekiti akampa binti simu yake: "Hebu tupigie picha ya kundi kwanza, mama yako akiona tumesimama atajitokeza mwenyewe."

Binti akapiga picha. Kisha hakurudisha simu. Aliikuza ile picha kwa vidole, akawa anapitisha uso mmoja baada ya mwingine, mstari wa mbele, mstari wa nyuma. Akainua kichwa.

"Mama hayumo," akasema.

Kaka alikuwa bado mabegani mwa watu. "Nani alikuwa mkia leo?" akauliza.

Mwenyekiti akamtazama akasema, kwa mshangao wa kweli kabisa, "Si wewe?"

Kaka alishuka mabegani akaanza kukimbia kurudi alikotoka, kinyume cha watu, na goti lile. Binti akamfuata na ndara mkononi. Walimkuta mbali, kwenye kituo cha mafuta kilichofungwa zamani, upande wa kivuli ambao hauonekani kutoka barabarani. Gari la kuokota waliochoka lilikuwa limeshapita bila kumwona. Alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, amevua raba zake. Mwanamke anayeuza maji karibu na hapo alisema alimwona akikaa, akadhani anapumzika, kwa kuwa aliitikia salamu. Alipomwangalia tena alidhani amelala.

Hospitalini walisema ni moyo. Binti, anayejua maneno ya kidaktari, aliuliza kama angewahiwa ingekuwaje. Daktari akasema, "Labda." Mimi ningemzuia daktari asiseme neno hilo kama ningejua. Kaka alilichukua akaenda nalo nyumbani, na analo mpaka sasa. Pale kwenye benchi alinisimulia yote, meza ya maji, viganja mgongoni, na mwishoni akasema, "Hata sikumwambia kwamba mtoto wake anamngoja. Nilikuwa naye muda wote ule na sikumwambia."

Mwenyekiti alikuja dukani kutoa pole. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Nikamwambia kazi ya Mungu kweli haina makosa, sasa tuzungumze ya kwako. Kaka akaniambia ninyamaze. Lakini wapo waliokuwa wanasema upande mwingine, nao niliwasikia: kwamba Mkia alitaka sifa, kwamba siku moja tu aliyojifikiria yeye, mtu akafa. Hao sikuwajibu kwa mdomo. Nguo zao niliwarudishia chafu, waende wakafue kwingine.

Kaka hakukimbia tena, na hakuna aliyemwuliza habari za goti. Alipiga pasi. Kundi lilianzisha utaratibu wa kuita majina baada ya mazoezi, mwenyekiti anasoma, watu wanaitikia. Ulikuwa utaratibu mzuri, na uliwachukua muda mfupi tu.

Binti hakuja kwa muda mrefu. Alipokuja alikuwa na makoti yake matatu mkononi. Nilikuwa mlangoni mwa uani na beseni la nguo mbichi. Kaka alimpokea, akamkaribisha kiti, akaanza kazi papo hapo, koti la kwanza, kola kwanza. Aliongea juu ya jua, juu ya umeme unaokatika. Hajawahi kuongea juu ya umeme.

"Mjomba," binti akasema, "nataka kukuuliza kitu kimoja, kisha sitakusumbua tena. Mama alijua kwamba nakuja?"

Kaka akaisimamisha pasi. Huyu ni mtu ambaye akiunguza nguo, humwambia mteja kabla mteja hajaigusa. Sijawahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumwambia mtu kesho wakati kesho haiwezekani. Alimtazama yule binti aliyekonda, ambaye macho yake yalikuwa yameomba jibu kabla ya mdomo.

"Alijua," akasema. "Nilimwambia. Ulinikataza, lakini sikuweza kujizuia."

Binti akaziba mdomo kwa mkono. Machozi yakamtoka, na nyuma ya mkono alikuwa anatabasamu. "Jamani, mjomba. Alisema nini?"

Kaka hakuwa amejiandaa kwa swali la pili. Mwongo mzoefu angesema alifurahi, akaishia hapo. Kaka alifikiri kidogo.

"Alicheka. Akasema, basi leo lazima nifike, hata kwa kutambaa."

Tabasamu la binti likabaki pale kwa muda, halafu likaondoka polepole. Mkono wake ukashuka.

"Hata kwa kutambaa," akasema. "Kwa hiyo ndiyo maana. Angechoka angeacha, yeye hakuwa mtu wa kujitesa. Angepanda lile gari la waliochoka, angekuwa anawachekesha humo ndani. Hakuacha kwa sababu alijua nipo."

"Hapana, mwanangu."

"Nilimkataza miaka yote, halafu siku nilipokubali ndiyo nikamuua."

"Hapana, hapana! Nisikilize." Kaka alikuwa ametoka nyuma ya meza. "Nimekudanganya. Sikumwambia kitu. Hakujua kabisa kwamba unakuja. Hakusema neno hilo, nimelitunga mimi sasa hivi, hapa hapa."

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini sijawahi kuiona fupi namna ile. Binti alimtazama. Hakuwa na hasira.

"Unasema hivyo kwa kuwa umeniona nalia," akamwambia.

"Naapa kwa Mungu."

Akanigeukia mimi. "Mama mdogo, ukweli ni upi?"

Nikaweka beseni chini. Nikamwambia ukweli: kwamba mama yake hakujua, kwamba kaka aliniambia hivyo siku ile ile hospitalini, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

"Wewe ni dada yake," akasema taratibu. "Ungesema chochote cha kumsaidia."

Akayachukua makoti yake yote matatu mezani, moja likiwa na joto la pasi na mawili yakiwa na mikunjo, akatuaga kwa adabu kama kawaida yake, akatoka.

Kaka alinituma nimfuate. Nimekwenda kwake mara mbili tangu siku hiyo, na mara zote mbili amenipa kiti, amenisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Mara ya mwisho alinisindikiza hadi mlangoni akanishika mkono.

"Mwambie mjomba asijisumbue tena," akasema. "Hata kwa kutambaa. Hilo hawezi kulitunga mtu, mama mdogo. Ndivyo mama alivyokuwa anaongea."